Muulize Mwalimu: Nimekariri maneno elfu moja ya Kijerumani, mgeni kaongea sikuambulia kitu

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Pasua hapa Moshi na mke wangu na mtoto wetu mmoja. Kazi yangu ni mlima. Nilianza nikiwa na miaka 19 kama mgumu, ndivyo wapagazi tunavyoitana, nikabeba misimu sita, nikapanda nikawa weita, na huu ni mwaka wa nne niko mwongozaji msaidizi. Kiingereza naongea. Si cha kitabuni, ila wageni wananielewa na utani tunataniana.

Mwaka jana bosi wetu alitutangazia kwamba amepata wakala wa Ujerumani atakayeleta vikundi kuanzia Juni, na mwenye Kijerumani ndiye atakayepewa vikundi hivyo kama kiongozi mkuu. Tofauti ya kiongozi mkuu na msaidizi unaijua, inaonekana siku ya kugawana tipu. Nikanunua kamusi kwa muuza vitabu vya mitumba, nikanunua kaunta buku la kwaya tatu, nikaanza kazi. Maneno 30 kila siku, kushoto Kijerumani, kulia Kiswahili. Jioni mke wangu anashika daftari, anataja la Kiswahili, mimi natoa la Kijerumani. Mpaka Januari nilikuwa nimefika maneno 1,240. Nilijiona nimeshafika.

Februari tukapanda na kikundi kilichokuwa na mama mmoja wa Kijerumani, mtu mzima, mpole sana. Usiku wa kilele tulitoka Kibo saa sita, upepo mkali. Njiani akanigeukia akasema sentensi moja. Sikuambulia hata neno. Nikamjibu "Ja, ja", tukaendelea. Akarudia. Nikatabasamu. Ikabidi aninyooshee mkono machoni: glovu moja haipo, vidole vimeanza kuwa vyeupe. Mwenzangu ndiye aliyemkimbilia na glovu za akiba. Mwalimu, neno hilo ninalo, liko ukurasa wa 14, "Handschuh". Niliporudi nyumbani mke wangu aliliuliza makusudi, nikalijibu hata hajamaliza kuuliza. Kule juu sikulisikia.

Tangu siku hiyo daftari sijaligusa. Nikifungua kurasa za Novemba naona kama ziliandikwa na mtu mwingine. Mke wangu naye kachoka, anasema nimemgeuza msimamizi wa mtihani ndani ya nyumba yake.

Nimeuliza watu. Mwenzangu mmoja anasema niachane na kusoma, nivae hedifoni nilale nazo zikipiga redio ya Kijerumani, lugha itaingia yenyewe. Babu yangu wa Marangu, mzee wa kanisa KKKT, anasema watu wa zamani walijifunza kwa Biblia. Kanipa Agano Jipya la Kijerumani la kale lenye herufi zilizopindapinda, s na f sizitofautishi. Na kuna darasa mjini wanataka laki nne kwa miezi mitatu.

Sasa hivi ni masika, mlima umelala, nina nafasi mpaka katikati ya Juni. Nisome au nisikilize? Hiyo laki nne niitoe? Au kichwa kimeshazeeka, nikubali yaishe?

Mgumu wa Pasua, Moshi

*

Marahaba, mwanangu. Pole ya yule mama na vidole vyake, na wewe pole pia, maana aibu ya kuitikia "ndiyo, ndiyo" kwa jambo usilolijua naijua vizuri.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nikasimama kwenye mstari ambao wewe umeupita mbio: "Kiingereza naongea." Umekipata wapi? Usiniambie shuleni. Nimefundisha Kiingereza sekondari hapa Arusha miaka 27 na ninajua tuliwapa nini: orodha ya maneno ubaoni Jumatatu, jaribio Ijumaa, na fimbo kwa aliyepata chini ya nusu. Watoto waliondoka na orodha. Wengi wao lugha waliiacha palepale darasani, na ningekuwa na namna ya kuwaomba radhi mmoja mmoja ningefanya hivyo.

Wewe Kiingereza ulikipata nje ya hema la chakula. Nakisia, nisahihishe nikikosea. Umekaa na ndoo yako ya maji ya kunawa, ndani kiongozi anawapa wageni brifingi ya kesho. Kesho tunaamka saa fulani, tunatembea saa fulani, kunyweni lita tatu za maji, koti la mvua liwe juu ya begi, kichwa kikiuma usikae kimya, pole pole. Kesho yake jioni, brifingi inayofanana na ile. Safari ijayo, ileile. Tuseme safari kumi na mbili kwa mwaka, jioni tano kila safari: hizo ni brifingi 60, zidisha kwa misimu sita. Neno la kuumwa kichwa umelisikia mamia ya mara kabla hujathubutu kulitamka, na kila liliposemwa kulikuwa na mzungu mbele yako kajishika paji la uso. Nani alikuandikia orodha? Hakuna. Ndiyo maana swali lako la uzee nalijibu kwa kifupi: kichwa ni kilekile na kinafanya kazi. Mtu mzima anaweza kushindwa kupata lafudhi ya mwenyeji, lakini maneno anayapata. Ulichobadilisha ni njia. Kiingereza kilikujia kwenye sikio, ndani ya kazi, na kilirudiwa mpaka kikachosha. Kijerumani umekifungia kwenye kaunta buku.

Hebu tuliangalie hilo kaunta buku kwa haki. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, akazipanga katika orodha, akazikariri mpaka akaweza kuzitoa bila kukosea, kisha akajipima baada ya dakika kadhaa, baada ya saa, baada ya siku. Saa moja ilipopita, zaidi ya nusu ya jasho lake lilikuwa limekwenda bure. Baada ya siku nzima kilichobaki ni kama theluthi. Sasa niambie, kwa mtu wa Pasua, jioni ya Novemba, "Handschuh" lilikuwa nini kama si silabi tupu kwenye orodha? Halikuwa na mtu aliyelisema, halikuwa na baridi, halikuwa na mkono. Kwamba umeweza kulishika hata hivyo ni ushahidi wa bidii yako na uvumilivu wa mke wako.

Ila umelishika mahali pasipofaa. Umelishika machoni, upande wa kushoto wa ukurasa, na mlango wake ni Kiswahili: mke akisema glovu, linatoka. Mama yule hakusema glovu. Huenda alisema kitu kama "Ich hab meinen Handschuh verloren", nimepoteza glovu yangu, kwa pumzi moja, mdomo umekakamaa, skafu usoni. Daftarini mwako kupoteza pengine umeandika "verlieren", maana kamusi huandika hivyo. Yeye katumia "verloren". "Meinen" mdomoni mwa mwenyewe humezwa, inabaki nusu. Kwa hiyo, kati ya maneno matano aliyosema, mawili yalikupita yamevaa nguo nyingine, na lile moja ulilolijua likapita katikati yao kama mtu unayemfahamu akiwa ndani ya Hiace iliyojaa.

Kijerumani kina michezo ambayo orodha haiwezi kukuonesha. Chukua "anziehen", kuvaa. Ukimwambia mgeni avae koti unasema "Ziehen Sie die Jacke an": neno limekatwa, kiwiliwili kimetangulia, kichwa kimetupwa mwisho wa sentensi, koti limekaa katikati. Anayengoja kusikia "anziehen" nzima atangoja mpaka kambi ya Horombo. Au hili, ambalo kwa kazi yako nakuomba ulikariri leo hii, japo napinga kukariri: "Mir ist schlecht." Kwa daftari utatafsiri neno kwa neno, kwangu, ni, mbaya, ukadhani mtu analalamikia hali ya hewa. Maana yake ni nasikia kichefuchefu. Mgeni akikwambia hivyo kule juu ya Kibo unatakiwa kumtazama usoni, kumuuliza kama kichwa kinauma na kama anaona kizunguzungu, na kufikiria kushuka. "Mir ist kalt" ni ndugu yake, nasikia baridi. Ukikosea ukasema "Ich bin kalt" umejitangaza kuwa mtu mwenye moyo wa barafu, na wenyewe watacheka.

Mambo haya mtu hayapati kwa kuambiwa mara moja, hata na mwalimu mstaafu mwenye maneno mengi. Anayapata kwa kukutana nayo. Neno ni kama jirani mpya. Siku ya kwanza mnaitikiana tu, ya tano umejua anafanya kazi gani, ya kumi na mbili unamtambua kwa kikohozi gizani.

Sasa, usome au usikilize? Fanya vyote viwili, tena kwa pamoja, maandishi yaleyale. Sitoi hili kichwani mwangu tu. Mwaka 2008 watafiti watatu, Brown, Waring na Donkaewbua, walichapisha jaribio lililofanyika kwa wanafunzi wa Japani waliojifunza Kiingereza. Hadithi nyepesi zilitolewa kwa namna tatu: nyingine walizisoma tu, nyingine walizisoma huku sauti ikizisoma, nyingine walizisikiliza tu. Waliposikiliza tu, maneno mapya waliyotoka nayo yalikuwa machache kabisa. Sababu si ngumu. Ukisikiliza peke yake lugha usiyoizoea huoni neno linaanzia wapi na linaishia wapi. Ni maji ya bomba. Na ukisoma peke yako unajitungia matamshi yako mwenyewe, unakwama kila mstari kufungua kamusi, na siku ya siku hulitambui neno likisemwa na mwenyewe. Hapo ndipo ulipokamatwa wewe. Sauti ikiwa masikioni na maandishi machoni, jicho linalionesha sikio mipaka, sikio linalikataza jicho kuzubaa. Utaona kwamba "Handschuh" ni "Hand" na "Schuh", mkono na kiatu. Kiatu cha mkono! Ukishaliona pale, ukakutana na "Bergschuhe" huhitaji kamusi, "Berg" ni mlima na wewe ndiye mwenyewe. (Na usijione mgeni sana kwenye lugha hii. Neno letu shule lilitokana na "Schule" yao, na hela ni sarafu yao ya zamani, Heller.)

Lakini si kila maandishi yanafaa, na hapa wengi wanapotea. Mtaalamu wa misamiati wa New Zealand, Paul Nation, na wenzake wamepigia kelele jambo moja miaka mingi: ili usome bila msaada na uweze kukisia neno geni kutokana na majirani zake, inabidi uwe unajua maneno kama 98 katika kila 100. Ukurasa wa maneno 300, mageni yasizidi sita. Fungua gazeti la Kijerumani leo, utakuta mageni mia mbili. Huko si kusoma, ni kukoboa mahindi kwa kucha. Vipo vitabu vidogo vya hadithi vilivyoandikwa makusudi kwa wanaoanza, maneno machache, sentensi fupi, vingine vina sauti yake. Usione haya kwamba ni vyepesi. Wepesi ndio unaotakiwa, kwa sababu unasoma vingi.

Na lazima viwe vingi. Nisikudanganye, mavuno ya kitabu kimoja ni haba. Waring huyohuyo na mwenzake Takaki, mwaka 2003, waliwapa wanafunzi hadithi nyepesi ya maneno karibu elfu sita iliyofichwa maneno mapya 25. Walipomaliza tu kusoma waliweza kutafsiri karibu matano. Baada ya miezi mitatu, moja. Moja kati ya 25! Maneno yaliyojitokeza mara nyingi ndani ya hadithi yalitambulika vizuri zaidi kuliko yale yaliyopita mara moja. Sasa wapo wanaosoma habari hiyo wakasema basi kusoma hakufai. Mimi naisoma vingine: hadithi moja haitoshi, na neno ulilokutana nalo mara moja tu usilidai. Katika visiwa vya Fiji, shule za vijijini zilijazwa vitabu vya hadithi vya Kiingereza, watoto wakawa wanasoma kwa raha badala ya kukamuliwa sarufi. Watafiti Elley na Mangubhai walichapisha matokeo mwaka 1983. Kwa muda wa miezi minane watoto hao walisonga mbele kwa kasi kama mara mbili ya wenzao katika kuelewa wanachosoma na wanachosikia. Nilipolisoma hilo nilikuwa nimeshachapa Ijumaa nyingi sana.

Basi wewe hutaanza na hadithi, utaanza na brifingi.

Huyo wakala wa Ujerumani ana faida na wewe kuelewa. Bosi wako amwombe jambo dogo. Andika brifingi zako za jioni tano, kama unavyozitoa kwa Kiingereza, usizipambe. Wakala, au mtu wake yeyote mwenye Kijerumani cha kuzaliwa, azitafsiri na kuzisoma kwa sauti ya kawaida kwenye simu, dakika mbili tatu kila moja, akutumie sauti na maandishi kwa WhatsApp. Bosi akikataa, Moshi na Arusha hazikosi waongozaji wanaosema Kijerumani. Mtafute mmoja umnunulie mtori. Ukishazipata sauti tano, una hazina ambayo hakuna darasa litakupa, kwa sababu maana yake yote unayo tayari. Hakuna sentensi humo itakayokushangaza. Kila neno geni litakuwa limezungukwa na mambo unayoyajua kuliko hata huyo anayeyasoma.

Wiki ya kwanza chukua brifingi ya jioni ya kwanza tu. Asubuhi, kabla mtoto hajaamka, isome mara moja na Kiswahili chake pembeni, kisha sikiliza ukifuata maandishi kwa kidole, mara tatu, mara nne. Mchana ukiwa kwenye gari au unafua, isikilize bila maandishi. Kesho yake hivyohivyo. Siku ya nne au ya tano kuna kitu kitatokea ambacho siwezi kukueleza vizuri: yale maji ya bomba yataanza kukatika vipande, utasikia "Wasser", utasikia "langsam", ambayo ni pole pole yao, utasikia ile "an" iliyotupwa mwisho na utajua inamfuata nani. Hapo ingia ya pili, lakini ya kwanza usiiache, ipitie mara moja kila siku mbili. Simu iwe imeshapakua kila kitu, usile bando.

Sambamba na hizo, jioni nusu saa ya kitu kingine ili usiwe kasuku wa brifingi tano. Deutsche Welle, haohao tunaowasikia kwa Kiswahili tangu 1963, wana masomo ya Kijerumani ya bure mtandaoni kuanzia ngazi ya chini kabisa, yenye video na maandishi yake. Wana pia habari zinazosomwa polepole pamoja na maandishi. Hizo ziache kwanza, ni za mtu aliyekwisha kwenda mbali, utakuja kuzifurahia mwakani.

Kuhusu babu. Mwambie Mwalimu wa Arusha amesema yuko sahihi zaidi ya yule wa hedifoni. Injili unaijua. Mfano wa mwana mpotevu unaujua mpaka mahali ndama anapochinjwa, kwa hiyo ukiusoma kwa Kijerumani unajua kinachokuja kabla hakijaja, na kukisia neno kunakuwa rahisi. Tatizo ni kitabu chenyewe. Herufi zile zilizopinda ndizo zilizokuwa za kawaida kwao zamani, na s yao ndefu kweli inafanana na f, macho yako hayana kosa. Halafu tafsiri za kale zina lugha ambayo ukimsemea mgeni wa leo atadhani umefufuka. Mshukuru babu, lihifadhi Agano lake, tafuta simuni tafsiri ya Kijerumani cha leo, na sauti yake, maana zipo. Mbinu ya babu ibaki, kitabu kibadilike.

Yule mwenzako wa kulala na hedifoni mwache alale. Usingizi una kazi, unasaidia kutuliza kichwani ulichojifunza mchana, na hiyo ni sababu nzuri ya kuvua hedifoni.

Kaunta buku usilichome. Kukariri hakukatazwi, kumezidi kipimo tu. Nation huyohuyo anashauri muda wa mwanafunzi ugawanywe mafungu manne yanayolingana, na kujifunza maneno na sarufi kwa makusudi ni fungu moja: robo. Wewe uliipa robo hiyo muda wote. Kuna maneno mia chache ambayo yako kila mahali, viunganishi, namba, kula, kwenda, kuuma, na hayo ukiyakariri mapema yanakulainishia njia. Lakini kuanzia leo neno haliingii daftarini mpaka umelikuta mahali, na linaingia na sentensi yake nzima. Zile kurasa za Novemba zipitie taratibu unapoendelea kusoma. Kila ukikuta neno lako la zamani ndani ya maandishi, liwekee alama ya vema. Utashangaa ni mangapi hayakupotea, yalikuwa yamekaa tu yanangoja kuitwa.

Laki nne usiitoe sasa. Sisemi darasa halina maana. Sarufi inahitaji mtu wa kukuonesha, na kuna watoto wa Kanada waliosoma kwa Kifaransa miaka mingi wakaelewa vizuri sana, lakini wakisema wanaboronga, jambo lililomfanya mtafiti Merrill Swain aandike mwaka 1985 kwamba kusikia na kusoma peke yake hakutoshi, lazima mtu asukumwe azungumze. Nenda darasani ukiwa na sikio, wiki ya sita au ya saba hivi, ili hela yako inunue mazungumzo badala ya kununua orodha nyingine ya ubaoni. Na kabla hujalipa muulize mwalimu swali moja: mtatupa sauti za kusikiliza nyumbani? Akikuangalia kama umemtukana, ondoka.

Mke wako mpumzishe kazi ya usimamizi. Mpe kazi ya mgeni. Akae kwenye kochi na blanketi, wewe simama umpe brifingi ya jioni ya kwanza kwa Kijerumani, bila karatasi. Yeye hahitaji kujua lugha. Akuangalie tu kama unasitasita, kisha ajishike kichwa, au ajishike tumbo, au afiche mkono mmoja nyuma ya mgongo, na wewe useme kinachotakiwa kusemwa. Nadhani atacheka. Nyumba iliyochoka na daftari inahitaji hilo.

Nimekumbuka jambo moja nikiwa nataka kufunga barua, nalo litakuletea balaa nisipolisema. Ni saa. Mjerumani akisema "halb sieben", kwa maneno ni nusu saba, na masikio yako yatakimbilia saa saba na nusu. Wao wanahesabu nusu ya kuiendea saba, yaani sita na nusu kwa saa yao, na kwa saa yetu hiyo ni kumi na mbili na nusu. Hapo kuna kukosea mara mbili ndani ya neno moja. Kwenye brifingi zako mwombe anayerekodi aziseme saa zote kwa namna hiyo, uzizoee sikioni kabla ya Juni, la sivyo utakuta wageni wamekaa mlangoni na mabegi yao na wewe bado unakunywa uji.